Toka, Uingie Upya

Nianze na ujinga wenyewe, maana Tandika nzima imeshausikia na kila mtu anausimulia anavyotaka. Siku ya pili ya matanga ya bibi yangu, mchana, watu wametulia wanangoja ubwabwa, nilijifungia chumbani kwake. Nikavaa gauni lake la kijani la kwendea shule, nikajifunga kanga zake mbili, nikajaza mto kwa nyuma, nikatia miwani yake machoni na chaki sikioni, kisha nikatoka mbele ya watu wa msiba.

Haya, mmeshajua. Sasa mnisikilize na mie.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alistaafu mie bado nanyonya na sasa niko kidato cha tatu, lakini yeye ni kama hajawahi kuambiwa kwamba kastaafu, au waliomwambia hawakunyoosha mkono kabla ya kusema. Chaki iliendelea kukaa juu ya sikio lake la kulia kama penseli ya seremala. Barazani kwetu palikuwa na tuisheni kila jioni, na watoto waliokuja pale, baba zao na mama zao alishawachapa yeye mwenyewe zamani. Ukitaka kujua nani kasoma kwake, uongozane naye tu kwenda sokoni. Njia nzima unaona wanaume wazima wanazima sigara. Muuza nyama anaficha mikono nyuma, kisa kucha. Vijana wenye mashati ya mitumba, wameyaachia nje kama walivyoona kwenye televisheni, wanachomekea mbio mbio. Asiyechomekea anaitwa.

"We, njoo. Hilo shati limegombana na suruali?"

"Mwalimu, siku hizi mambo ruksa."

"Ruksa ya kufungua duka nimeisikia. Ya kutembea shati nje hawajanitangazia. Chomekea."

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa mlango. Mtu akiingia kwetu ovyo, hajapiga hodi, au shikamoo kaitupa huku anaangalia pembeni, bibi hagombi. Anashusha miwani mpaka ncha ya pua, anakutazama juu ya vioo mpaka unaanza kujikagua mwenyewe, ndipo anasema taratibu: "Toka, uingie upya."

Na watu walikuwa wanatoka! Mjumbe wa nyumba kumi alitoka na mhuri wake mkononi. Washenga waliomletea mama mdogo posa walitolewa nje na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakapiga hodi upya, na ukweli ni kwamba mara ya pili walionekana watu wa maana zaidi. Mama yangu je? Muuguzi, mtu mzima, anachoma watu sindano wananyamaza. Alikuwa akirudi zamu kachoka, kabeba kikapu cha samaki, anasahau kupiga hodi kwao mwenyewe. "Toka, uingie upya." Anatoka. Anaingia. Anapita na samaki wake, uso umevimba. Aliwahi kunisimulia kwamba shuleni alikatazwa kumwita "mama". Ni "mwalimu" mpaka kengele ya kurudi nyumbani, na akikosa hesabu anachapwa mara mbili: ya mwanafunzi, na ya mtoto wa mwalimu. Hakucheka alipokuwa ananisimulia.

Kwangu mie ilikuwa tofauti. Mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume na ni mtani, utake usitake.

"Mume gani wewe," ananiambia mbele ya tuisheni nzima, "jedwali la saba tu linakutoa jasho?"

"Mke wangu, ungekuwa unapika vizuri, ningekuwa na akili."

"Nipe talaka yangu."

"Sikupi. Nani mwingine atakuoa na hilo goti linalolia kama bawaba?"

Siku moja alinikuta uani namwigiza, wanafunzi wake wanavunjika mbavu. Nikajua leo ni fimbo, utani pembeni. Yeye akasimama, akautazama mchezo mpaka mwisho, akasema:

"Mbaya. Umewatazama watu kwanza, ndipo ukashusha miwani. Miwani kwanza! Ukianza kumtazama mjinga, ameshapata nafasi ya kutengeneza uso. Rudia."

Nikarudia. Akanirudisha. Nikarudia tena. Siku ile hesabu hazikufundishwa. Aliporidhika alinivuta karibu akaniambia, "Siku nikifa utanifanya hivi hivi kwenye matanga yangu. Sitaki watu wakae wamenuna kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Umenisikia, mume wangu?"

Mama alikuwa pembeni anaosha vyombo.

"Athubutu," akasema bila kugeuka. "Athubutu, nitamzika na yeye."

Basi bibi akafa. Hakuugua sana. Aliondoka alfajiri, kabla mtu hajamuuliza kapewa ruhusa na nani. Ya siku ile siyasimulii, mie si mtu wa mambo hayo. Nitasema ya mama tu.

Mama hakulia. Maiti imeoshwa, hakulia. Jeneza limetoka mlangoni, wanawake wanagaragara, yeye hakulia. Alikaa kwenye mkeka chumba cha kati, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho mlangoni, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri hapo. Uji ukaletwa, ukapoa, ukaondolewa. Neno hakuna. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba huyu asipolia atapasuka. Nilipita mbele yake mara kadhaa nikijifanya natafuta ndala, shati langu liko nje makusudi kabisa. Hakuliona. Hapo ndipo nikaogopa. Mama anayefoka namjua na dawa yake ninayo, nakimbia. Huyu wa kimya simjui.

Msiba ulikuwa na mtani wake wa halali. Sie Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana toka enzi za mababu, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvuruga. Wa kwetu alikuwa jirani, mama mmoja wa Kinyamwezi, muuza vitumbua. Toka jana alikuwa kazini. Alikalia mfuniko wa sufuria la ubwabwa akitangaza kwamba hali mtu mpaka marehemu arudishe ungo wake. "Kafa makusudi huyu! Kaona naudai ungo wangu, kajilaza!" Watu walicheka mpaka kwa wanaume huko nje. Kisha akaingia chumba cha kati, akajibwaga mapajani kwa mama.

"Shoga, mwalimu kaenda zake. Sasa nani atakutoa nje uingie upya?"

Mama alitazama ukuta. Mtani akatoka anajifuta macho kwa upindo wa kanga, akanikuta uani.

"Mie nimeshindwa," akaniambia. "Na wewe marehemu si alikupa kazi? Unangoja mpaka afufuke?"

"Mama kasema atanizika."

"We nawe! Mtani hakasirikiwi. Ndiyo mila."

Sasa kosa langu liko hapo. Mtani hakasirikiwi, kweli. Lakini mie utani wangu ulikuwa na bibi, na bibi keshazikwa. Mwenye msiba alikuwa mama, na kwa mama mie si mtani, ni mtoto tu, na mtoto anachapwa. Hilo halikunijia kichwani mpaka nimeshavaa gauni.

Nikaanzia kwa wanaume, chini ya turubai. Sikusema kitu. Nilisimama, kanga imenibana, mto unateleza, nikashusha miwani, nikawapitia mmoja mmoja kwa macho. Vikombe vya kahawa vikaganda hewani. Muuza nyama akaficha mikono. Fundi baiskeli akaidumbukiza sigara yake ndani ya kahawa ya mwenzake. Halafu turubai zima, na wenye mvi na wenye kanzu, likasimama, likaitikia kwa sauti ile ya kuvuta ya darasani:

"Shi-ka-moo, mwa-li-mu!"

"Marahaba. Kaeni. Nani anaongea?"

Hakuna aliyekuwa anaongea. Wakakaa, mikono magotini. Mara fundi baiskeli akapasuka kicheko, na kicheko kikamgeukia kilio humo humo kooni, na wenzake wakafuata, huyu hiki, huyu kile. Mtani akapiga kigelegele. Na mie, nani anizuie? Nilikuwa nimenogewa. Nikageuka na gauni langu, nikaingia ndani bila hodi, moja kwa moja mpaka chumba cha kati.

Mama akainua uso.

Nilimtazama. Kisha nikakumbuka miwani, nikaishusha. Nikafungua mdomo, na sauti ya bibi, ambayo kule nje ilikuwa inatoka yenyewe, ikanikauka. Mto ukachomoka chini ya gauni ukaanguka sakafuni, puu. Mtu mmoja akaziba mdomo kwa mtandio.

Mama akasimama, akaja mpaka mbele yangu. Nilifumba macho kusubiri kofi, nikijipa moyo kwamba miwani ni ya bibi, hatathubutu kuivunja. Kofi halikuja. Nilipochungulia, alikuwa kainama anaokota mto. Akanigeuza kama anayemvalisha mtoto wa chekechea, akaurudisha mahali pake, akaukaza kwa kanga, akavuta fundo mpaka nikakosa pumzi. Akanitoa chaki sikio la kushoto, akaniwekea la kulia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, mengi, na wala hakujishughulisha kuyafuta. Wanawake nao, hata mmoja hakusogea.

Akarudi kwenye mkeka. Akakaa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho mlangoni, akasema:

"Miwani kwanza. Toka, uingie upya."