Fundi Rangi na Uso wa Mkewe
Baridi ikishika, kuta hazikauki, na fundi rangi hushinda nyumbani kama gari bovu. Mwaka huu ameegemeza simu kwenye kopo, anajifunza kuchora picha kwa video za mtandaoni. Mwalimu akisema, "Acha alama za brashi zionekane," fundi huirudisha video nyuma, akidhani hakusikia vizuri. Zionekane tena? Mazoea yana taabu: mkono wake hupanda na kushuka mpaka doa la mwisho lifie chini ya rangi, kisha kidole gumba hupapasa kutafuta lililobaki. Leo amemchora mkewe. Mama watoto akaja akikausha mikono kwenye gauni, akaitazama picha.

"Huyu nani?"

"Si wewe?"

"Mbona laini hivyo? Makunyanzi yangu yako wapi?"

"Nimeyaziba."

"Nani kakutuma? Mengine hayo umeniletea wewe mwenyewe. Nirudishie."

Fundi akashika brashi nyembamba kuliko zote. Maisha yake yote ameitwa kuziba nyufa, hajaombwa kuutia hata mmoja. Akamsogelea mkewe, akakodoa macho, brashi ikining'inia hewani. Mkewe akashindwa kujizuia, akacheka.

"Tulia basi," fundi akamwambia. "Ukicheka yanahama."