Jina Nililolisoma Bila Kuliandika

Jumamosi ile naiona mpaka leo, mwanangu, na sijawahi kumsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kuwasaidia wageni kujaza fomu pale kanisani, na nasikia unajisifia kasi yako. Unijibu kwa Kiingereza ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, hodari wa maneno na mwoga wa kila kitu. Nilikaa mtaa wa Flemingdon Park, huku ugenini, orofa ya nane. Jirani yangu alikuwa Selvi, mjane wa Kitamil kutoka Sri Lanka, na kitoto chake cha kike. Nilimwita Akka, kwa kuwa ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. Tulifua shuka pamoja hotelini. Chapati zangu alizicheka mbele ya watu, kisha akazila zote. Nilimpenda sana.

Jumamosi hiyo alikuja na karatasi. Kulikuwa na watu waliokuwa wakikusanya ushahidi wa raia waliouawa katika vita vya kwao. Akka alikisema Kiingereza cha kazini, ila kukisoma hakuweza, akaniomba nimwandikie. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa fundi baiskeli. Wanajeshi waliingia kijijini asubuhi, wakawatoa wanaume majumbani, wakawapanga nyuma ya shule na kuwapiga risasi. Walikuwa kumi na mmoja, hakuna hata mmoja mwenye silaha. Mumewe alikufa na grisi mikononi. Aliyetoa amri ni afisa ambaye fundi huyo alikuwa akimzibia pancha za pikipiki, na Akka mwenyewe alikuwa akimpa chai akisubiri. Kwa hiyo jina lake alilijua. Alinitajia mara tatu, polepole, nisije nikakosea.

Sikuliandika. Nilikuwa nasubiri makaratasi yangu ya ukaazi, nikajiambia: mwandiko ni wangu, jina ni la mkubwa wa jeshi, nikiulizwa nitasema nini? Nikaandika, "wanajeshi wasiojulikana."

"Nisomee," akasema Akka.

Nikamsomea yote. Nilipofika pale, nikalitamka jina la yule afisa kana kwamba nalisoma. Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kisha akanipikia chai, na nikainywa, mwanangu. Naona haya hadi sasa.

Mwaka jana tulimzika Akka. Wiki mbili baadaye binti yake, yule aliyekuwa kitoto, alikuja kwangu na nakala ya karatasi ile. Hakupandisha sauti.

"Auntie, nyumbani mama hakutaka kulitamka lile jina. Alisema wewe uliliandika, inatosha. Ni nani?"

Nikafungua mdomo, jina halikuja. Tangu siku hiyo nimelitafuta jikoni, kwenye basi, kanisani, herufi moja moja, na silipati. Wenzake Akka walioona siku ile wamekufa au wametawanyika. Vita vilikwisha, na kwa wale kumi na mmoja hakuna aliyefikishwa mahakamani. Afisa yule, kama yu hai, anakula pensheni yake kwa amani.

Nikamweleza binti ukweli wote. Akaikunja karatasi.

"Kumbe na wewe ulimficha," akasema, akaenda zake.

Sikuua mtu. Hilo najiambia kila mara, na halinisaidii. Wauaji wale wanalala usingizi kwa sababu kuna majenerali wanaowakingia kifua, ndiyo, lakini pia kuna watu kama mimi, wapole, wenye mwandiko mzuri, wanaotaka mambo yaishe salama.

Basi sikia. Mtu akikueleza jinsi watu wake walivyouawa, andika alivyosema, na jina alilolitaja liwe kwenye karatasi. Usimlainishie, wala usimshauri asahau. Ukiogopa, na utaogopa, mwambie wazi kwamba unaogopa, ili atafute mtu mwingine siku hiyohiyo. Woga nitakusamehe. Kumsomea mtu kisichoandikwa, hapana.

Mungu akukinge na uzee wa kuulizwa swali kama lile ukiwa huna jibu. Akupe moyo niliokosa mimi. Na binti wa Akka, popote anapouliza leo, amkutanishe na mtu anayekumbuka. Amina.