Msalaba Mbele ya Lango la Floribert

Watu wa Kashuga, kijiji chetu huku mashariki ya Kongo, husema Mama Hélène ana moyo mgumu. Mimi jirani yake nasema moyo wake uko sawasawa. Wenye kasoro ni wale waliokwenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Floribert kabla udongo wa makaburi haujakauka.

Hélène alizaliwa Walikale, binti wa mwinjilisti. Aliyemfundisha shule ya Jumapili ni mmisionari mzee, Madamu Birgit, mwenyeji wa Gotland, kisiwa cha Uswidi. Madamu aliwasimulia watoto habari za kwao. Mwaka 1361 mfalme wa Denmark alikivamia kisiwa, wakulima wakasimama kupigana naye nje ya mji wa Visby, wazee na vijana pamoja. Watu wa mji walifunga malango. Wakulima walichinjwa chini ya ukuta na kutupwa mashimoni haraka, wengine wakiwa bado wamevaa kofia za minyororo ya chuma. Birgit alipokuwa msichana aliwaona wataalamu wakifukua mashimo yale. Aliona fuvu ndani ya kofia yake, na mifupa ya miguu iliyokatwa kwa panga.

"Na watu ya muji walikuwa wapi?" Hélène aliuliza.

"Ndani ya ukuta. Kisha walifungulia mufalme mulango."

"Nani aliwalipisha?"

"Hakuna muntu. Waliweka tu musalaba wa mawe, wakaandika: mbele ya malango ya Visby walianguka watu wa Gotland, muwaombee."

Hélène alikasirika mpaka akakataa kuimba siku ile. Msalaba tu! Aliona watu wa huko ni wapumbavu.

Alikua, akawa mwalimu, akaolewa huku Kashuga na Akilimali, mkulima wa viazi, mtu mpole aliyependa kucheka. Floribert, mchuuzi wa maharagwe, ndiye peke yake mwenye ukuta wa mawe na lango la chuma. Asubuhi moja ya vita, risasi za wenye bunduki zilipoanza kushuka kilimani, watu walikimbilia kwake. Akafunga. Hélène alikuwa amelala kifudifudi sakafuni shuleni pamoja na wanafunzi wake. Aliporudi alimkuta Akilimali chini ya lango, amekufa, ngumi zimechubuka kwa kugonga. Walionusurika walisema Floribert alikuwa kwenye baraza ya juu, anaangalia. Tuliwazika, yeye na majirani waliouawa naye, palepale mbele ya lango kando ya njia, maana hakuna aliyethubutu kuwabeba mbali. Jioni Floribert aliwafungulia wenye bunduki, akawachinjia mbuzi.

Pasta alimwambia Hélène kisasi amwachie Mungu. Alijibu kwamba Mungu ana kazi nyingi.

Ulipofika wakati wa kuondoa kilio, Floribert alikuja na kofia mkononi. Kwetu, anayejenga kaburi la mtu huhesabiwa amemaliza ugomvi na ukoo wake. Hilo alilijua vizuri. Hakupima uzito wa lile jingine, kwamba maneno ya kaburini huchaguliwa na mjane, wala hapingwi.

"Mama Hélène, ciment yote mimi njo nitatoa. Utaandika vile unapenda."

"Aksanti, Papa Floribert."

Nilimfuata jikoni nikiwa nimevimba kwa hasira. "Kumbe unamusamehe?"

"Dada, acha ciment ifike kwanza," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka barabarani. Floribert alivaa koti lake la harusi. Msalaba ulisimamishwa makaburini, ukilitazama lango, na Hélène akachukua msumari akaandika mwenyewe kwenye saruji mbichi: MBELE YA MLANGO HUU WA FLORIBERT, ULIOFUNGWA, WALIUAWA AKILIMALI NA MAJIRANI ZAKE. MUWAOMBEE.

Floribert alisoma huku midomo ikichezacheza. Akamtazama pasta. Pasta naye alisoma, akafumba macho akaomba. Ile amina niliisema kwa nguvu zangu zote.

Msalaba uliokwisha kuombewa hauguswi na mtu. Floribert aliwabembeleza mafundi wauondoe, mpaka wale wa kijiji cha Kingi, wote wakakataa. Mwishowe, asipite tena mbele ya maneno yale, alitoboa ukuta kwa nyuma, kwenye matope ya nguruwe, na sasa anapitia huko. Akina mama wanaoleta maharagwe husimama kwanza mbele, wakasoma, ndipo wazunguke.

Hélène akitoka shuleni hupita pale kila siku. Hukunja ngumi na kuligonga lango lile la zamani kwa nguvu, kisha huenda shambani kwake.

Majuzi nilikuwa naye. Alipogonga, sauti ya Floribert ilitoka ndani, karibu kabisa na chuma.

"Ni nani?"

"Ni Akilimali," alisema Hélène. "Unifungulie."

Tukasikia mwanaume mzima analia. Hata mimi, na hasira zangu zote, nilimshika Hélène mkono ili twende.

Aliutoa mkono wake, akagonga tena.