Kijitabu Chenye Picha ya Bosi

Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini biashara yangu ya teksi hapa Doha nimeijenga kwa mikono yangu. Kwa hivyo huwa siulizi maswali. Kiburi, basi.

Juzi binti yangu Njeri alinipigia: "Baba, njoo nyumbani kwa bosi wangu, mtaa wa Pearl, kuna shughuli. Vaa suti. Na usiniaibishe tafadhali, mkataba wangu unaisha mwezi huu."

Bosi ni Mskoti, sikuwa nimewahi kumwona. Mlangoni nikapewa kijitabu chembamba: kwenye jalada picha yake, nyeusi na nyeupe, ndani mashairi matupu. Kwetu Kenya kijitabu kama hicho hugawiwa mazishini. Sebuleni Waskoti wenzake walikaa kimya, mmoja akipuliza zumari la huzuni. Moyo ukaniuma. Kumbe mwanangu amefiwa na bosi!

Zumari liliponyamaza nikasimama, kama mzee yeyote wa heshima. Kwa Kiingereza changu cha barabarani nikamsifu marehemu, nikamwombea alale pema. Mama mmoja akafuta machozi. Hapo nikapata nguvu, nikaongeza kwamba kabla hajafa aliniahidi mwenyewe kumwongezea Njeri mkataba.

Njeri akanivuta koti. "Baba, keti! Ni kitabu chake kipya, anakuja kutusomea!"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Yule wa kwenye picha alisimama pale na sinia la glasi, akinitazama.

"Endelea, mzee," akasema. "Niliahidi nini tena?"