Matunda Damu ya Novemba 1978

Saa nne na robo asubuhi lori la Shemdolwa, lililokuwa likibeba mazao yetu sokoni, liliondoka kijijini kwetu Gare kwenda vitani. Enzi zetu, mambo makubwa ya nchi tuliyatambua hivyo, kwa kile kilichoondoka kijijini. Tarehe 2 Novemba 1978 tulikuwa tumesikia redioni kwamba nchi inaingia vitani kumpiga nduli aliyevamia mpaka wetu. Wiki mbili baadaye hatukuwa na gari hata moja, na matunda damu ya mama, yale mekundu laini, yalikuwa yameiva.

Matunda yale ndiyo yangenunua sanduku la dada yangu Eliza. Januari angeingia shule ya bweni, na sanduku la bati liliuzwa Mombo, mji wa bondeni, shilingi sitini. Tunda damu likishaiva halikai siku nne. Mama akatandika majani ya mgomba ndani ya vikapu vitatu ili matunda yasipondeke, akavijaza, na alfajiri tukashuka kwa miguu, kila mtu na chake kichwani. Vijana wa leo wakishushwa kituo kimoja kabla ya kwao, hugomba na kondakta mpaka jioni.

Tulifika Mombo, tukatua vikapu. Kabla hatujauza hata tunda moja, yakasimama malori yaliyojaa askari. Kwenye usukani wa lori la tatu alikuwa Shemdolwa mwenyewe.

"Wee Shemdolwa! Umetuachia matunda yaoze!"

"Shikamoo, Mama Eliza. Lori si langu tena, ni la jeshi. Na hawa hawajala tangu jana."

Mama akawatazama. Wengi walikuwa vijana wadogo, mashati yamewapwaya. Mmoja akachungulia na kutania, "Mama, tukopeshe. Tutalipa tukirudi."

"Wewe rudi tu," mama akasema, akampandishia kikapu cha kwanza. Kisha cha pili. Cha tatu alikishika, akamgeukia Eliza. Eliza akakichukua mikononi mwake, akawainulia mwenyewe.

Januari alikwenda bweni na boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Wenzake walimcheka muhula mzima, lakini sikumsikia akijutia hata siku moja.

Siku hizi nchi ikipatwa na jambo tunatoa maoni kwenye simu, tukiwa tumekaa. Sijui nani kati yetu angeshuka na kikapu kutoka Gare. Nimepiga hesabu kwa bei ya soko ya mwaka ule: siku ile mama na Eliza walipoteza shilingi sitini na sita, bei ya sanduku na sita zaidi.