Salamu Mbele ya Lango la Afande

Mwezi uliopita nilirudi Mengo, kwetu Buganda, kwenye mtaa tuliokulia. Nilitafuta bomba letu nikakuta kisiki cha chuma tu, kimepinda chini ya ukuta mrefu. Kila nyumba sasa ina maji yake, geti lake na mbwa wake. Lakini sikusimama pale kwa ajili ya maji, rafiki yangu. Nilisimama kwa ajili ya baba.

Enzi zile za utawala wa kijeshi, bomba lile lilikuwa moja kwa mtaa mzima. Asubuhi ilianza kwa mlio wa madebe, harufu ya majani ya mgomba jikoni, na wanawake wakitaniana kwenye foleni. Kisha ofisa wa jeshi akahamia nyumba ya pembeni, iliyoachwa na Mhindi aliyefukuzwa nchini. Akalizungushia bomba mabati, likawa la kuoshea magari yake. Sisi wasichana tukaanza kuteremka bondeni na madebe vichwani, kwenye chemchemi ya matope. Mdogo wangu aliharisha nusura afe.

Watu walinung'unika majikoni, kwa sauti ya chini. Baba, aliyekuwa karani tu, akaandika malalamiko ya mtaa na kuyapeleka ofisi ya jiji. Alitia sahihi peke yake. Wengine walisema kalamu zao zimekauka. Juma lile lile, wakati wa chakula cha mchana, wanaume watatu wenye miwani myeusi walimchukua. Sahani yake ilibaki na mchuzi wa karanga. Hatukuletewa maiti. Jirani alituonya tusilie kwa sauti, maana kumlilia mtu wa namna ile nako kulikuwa kosa. Nani alimshtaki, sijui mpaka leo, wala sitasema ni ofisa yule.

Bibi, mama yake baba, aliendelea kujitwika debe lake siku nyingi. Halafu, njiani kutoka bondeni, akawaambia wanawake: "Kulalamika ni kosa. Kusalimia je?"

Kwetu Buganda mwanamke husalimia amepiga magoti, na salamu ni ndefu: umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, asante kwa kazi, mmh, mmh. Kuikatiza ni kukosa malezi. Kesho yake wanawake wa mtaa wakapiga magoti mbele ya lango la ofisa, madebe matupu nyuma yao. Mimi nilikuwa kando ya bibi, kokoto zikinichoma. Gari lake halikuweza kutoka.

"Nyinyi wamama, mnataka nini hapa?"

"Sisi nakuja kusalimia wewe tu, afande," bibi alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Siku ya pili akafoka, "Si mlisalimia jana!"

"Jana imekwisha, afande. Leo umelala namna gani?"

Siku ya tatu likatokea jambo ambalo hata bibi hakulipanga. Wapita njia, walipoona wanawake wako chini nje ya nyumba, walidhani pana msiba. Mzee mmoja akaleta kuni kwa baiskeli, za moto wa matanga. Mwingine akaleta mkungu wa matoke. Kufikia saa nne, sokoni walishasema ofisa amekufa. Mke wake, mama wa kaskazini aliyetugawia sisi watoto mandazi (siwezi kusema uongo, yalikuwa matamu), alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba watoto, wamekuletea kuni zako!"

Yeye hakucheka. Siku zile, afande aliyevumishiwa kifo alijiuliza ni mkubwa gani anayekitaka.

"Nani amekufa?"

Bibi alikuwa bado amepiga magoti. Akamtazama usoni, jambo ambalo mwanamke anayesalimia hafanyi. "Mimi sijui, afande. Wewe ndiyo unajua."

Nilingoja bunduki. Ofisa akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni, askari wake walipong'oa mabati, yeye hakuonekana.

Bibi hakushangilia. Alichota debe la kwanza, akaziwasha kuni za yule mzee uani kwetu, akamlilia mwanawe kwa sauti. Mtaa mzima ukaja kukaa naye, hata wale wa kalamu kavu.

Wanawake wale wamekwenda wote, na foleni yao, na matani yao. Leo jirani hajui jirani yake ameamkaje. Nilipiga magoti pale kwenye kisiki, na mlinzi kijana akatoka getini.

"Mama, kuna msiba hapa?"

"Upo," nilimwambia, wala sikuinuka.