Kengele Iliyonyamazishwa Jumapili ya Njiwa

Saa mbili asubuhi, mvua ya rasharasha inanyesha Oostrode, Flanders, na Lowie Vercaemst anakanyaga baiskeli getini kwa baba yake. Baiskeli imefungwa kwenye chuma cha mazoezi. Gurudumu linazunguka, yeye haendi popote. Atakuwa hapo hadi saa tatu, kila siku, ili asitokee mtu wa kusema alikuja asimkute.

Majirani wamemzoea. Wengine wanampungia mkono, wengine wanageuza shingo.

Lowie ana miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka tisa amekuwa mbeba chupa katika timu za kulipwa: anarudi nyuma kwenye gari la timu, anajijaza chupa za maji kifuani na mgongoni, anawapelekea wakubwa, kisha anawakinga upepo mpaka miguu inamwishia. Hajashinda hata shindano moja. Amepimwa mara arobaini na saba, na hakuna kipimo kilichokutwa na dawa.

Kilichomponza si kipimo, ni kengele.

Waendesha baiskeli wa kiwango chake huandika, kwa kila siku, mahali na dakika sitini ambazo wapimaji wakija watawakuta. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, unahesabiwa sawa na aliyekutwa na dawa. Mara ya kwanza ndege ilimchelewesha Milano. Mara ya pili alikuwa amehamia kwa baba yake, Odiel, baada ya kuvunjika mfupa wa bega, akasahau kubadilisha anwani. Hayo ni makosa yake, na anayakiri.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili ya njiwa.

Odiel, mzee wa miaka sabini na mmoja, hushindanisha njiwa: wanaachiliwa mbali, na anayewahi kurudi bandani kwake ndiye mshindi. Asubuhi ya mashindano nyumba nzima hunyamaza. Milango haibamizwi, na kengele hung'olewa waya, kwa sababu njiwa akishtuka hutua juu ya paa, na asipoingia bandani muda wake hauhesabiwi. Lowie alikuwa amelala ghorofani. Wapimaji wawili walibonyeza kengele isiyolia, wakabisha, wakasubiri. Ripoti yao inasema mzee mmoja uani aliwaona, akaweka kidole mdomoni, kisha akawaashiria waondoke.

Saa tatu kasoro dakika nane njiwa aliingia bandani. Odiel alishinda zawadi ya paja la nguruwe.

Timu ikamsimamisha Lowie bila mshahara. Siku hizi anafanya kibarua cha kupakia viazi. Kwenye baa ambako mashabiki walitundika picha yake, picha imeshushwa.

"Lowie, si baba yako akuazime njiwa mmoja akubebee chupa?" fundi bomba mmoja alimwambia humo. "Wao angalau wanapimwa."

Kwenye mlima wa mashindano, jina lake ambalo mashabiki waliliandika barabarani kwa rangi nyeupe bado lipo, ila mtu ameliongezea mchoro wa sindano. Inauma, na Lowie hafichi kwamba inauma.

Wakili wake alifurahia habari ya njiwa kama utetezi: mzee mpenda ndege, kosa la kijinga. Kikao ni Ijumaa, mbele ya waamuzi watatu. Akishindwa atafungiwa miaka miwili, na kwa umri wake hakuna timu itakayomrudisha.

Kisha wiki iliyopita, wakinywa supu, Odiel akaweka kijiko chini.

"Niliwajua wale," alisema. "Gari jeupe, na yale mabegi. Niliwajua walipofika tu getini."

"Sasa ukawafukuzia nini, baba?"

"Nilidhani unatumia dawa. Enzi zetu kwenye mbio za baiskeli tulitumia wote. Nikasema, ngoja nimwokoe mwanangu."

Lowie anasema hakula tena siku ile. Miaka yote watu wamemshuku, akawavumilia kwa sababu hawamjui.

Asubuhi hii, saa tatu kasoro robo, gari jeupe linasimama getini. Mmoja wa wapimaji anamwona Lowie hapo hapo, lakini Lowie anamwomba abonyeze kengele hata hivyo, kengele mpya aliyoifunga mwenyewe, isikike mpaka kwa jirani. Wanaingia ndani. Odiel anabaki jikoni. Wapimaji wakishaondoka, anauliza wameona nini.

"Wameona mkojo, baba."

Wakili anataka mzee azungumzie njiwa tu. Lowie amekataa, na ndiyo sababu ameruhusu haya yaandikwe. Ijumaa Odiel atasema yote, ingawa yanaweza kummaliza mwanawe.

"Nikipona kwa uongo, si ndiyo nitakuwa mdanganyifu kweli?" anasema, akifuta mvua kwenye usukani. "Wale watatu waamue watakavyo. Mimi nataka baba aseme mbele yangu kwamba alinidhania natumia dawa. Halafu nimuulize, mbele yao: na leo je, bado unanidhania?"

Odiel amesimama mlangoni, amesikia. Anachukua kopo la mahindi, anaelekea bandani kwa njiwa.